Shajara ya mradi wa Kialagwa: tulipofika mpaka sasa

Agosti

Hii shajara naiandikia ndugu wa Kondoa na Chemba, waliochangia nauli na wanaochangia muda, na yeyote mwenye lugha ndogo kwao anayejiuliza kazi kama hii inaanzia wapi. Nitakuwa naandika kazi ikisogea, sio kila wiki.

Hapa Dodoma mjini ukisema una mradi wa lugha watu wanajua ni tuisheni ya kingereza au Kiswahili cha wageni. Wetu ni wa kurekodi na kuandika Kialagwa. Ni lugha ya upande wa mama yangu, inaongelewa Kondoa na Chemba, majirani wengi wanatuita Wasi. Sio lugha ya Kibantu. Iko kundi la Kikushi cha kusini, ukoo mmoja kwa mbali na Kisomali, na ndugu zake wa karibu ni Kiiraqw cha Mbulu na Karatu, Kigorowa cha Babati na Kiburunge cha huko huko Chemba, pamoja na chenyewe wako wanne basi, na kati ya hao ni Kiiraqw tu ndio kina watu wengi wa kukibeba, hawa watatu wengine wamezungukwa kila upande. Mpwapwa nako kulikuwa na lugha ya Kikushi, Kikw'adza, leo hakuna mtu anayeiongea, kilichobaki ni maneno yaliyoandikwa na watafiti karne iliyopita. Mpwapwa, mkoa huu huu! Nilipolijua hilo sikulala vizuri, maana hakuna aliyekipiga vita Kikw'adza, hakuna sheria iliyokikataza, kiliondoka tu nyumba moja moja watu wakiendelea na maisha.

Watu wanatuuliza Waalagwa mko wangapi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, toka hapo mpaka hii ya 2022 iliyohesabu Watanzania 61,741,120 hakuna swali la kabila wala la lugha mnayoongea nyumbani. Naelewa kwanini nchi iliamua hivyo na imetusaidia sana kuishi pamoja, ila kwa lugha ndogo maana yake ni kwamba inaweza kupungua miaka hamsini mfululizo na hakuna karatasi ya serikali itakayoonyesha. Kwahiyo sisi hali ya lugha tunaitafuta kwa miguu, mlango kwa mlango, tukiuliza nani anaongea nini na nani.

Na hatuanzii sifuri, hilo niliseme mapema. Sarufi ya Kialagwa ipo, ameiandika Maarten Mous wa Leiden, ilitoka 2016 ikiwa na hadithi na msamiati ndani yake. Kazi kubwa na tunamshukuru. Ila iko kwa kingereza na imechapishwa Ujerumani, mjukuu wa kijijini hawezi kuinunua na bibi yake hawezi kuisoma. Sisi tunataka sauti, na tunataka hizo sauti zikae kwa wenyewe.

Septemba

Barua tu mwezi mzima. Inaanzia kwa mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, inaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, na huyu wa mwisho ndio anayejua ni nyumba gani bado kuna mzee anaota kwa Kialagwa. Tulipotaja Sera ya Utamaduni ya 1997 ilitusaidia, maana inasema wazi lugha za jamii zitunzwe na watu wahamasishwe kuzitafiti na kuziandikia kamusi, viongozi wengine walikuwa hawajui kama ipo hiyo.

Kitu kingine ni ridhaa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika 2023 sauti ya mtu na maisha yake sio vitu vya kuokota tu ukaondoka navyo, na hata bila sheria, ni adabu. Tumeamua ridhaa isomwe kwa sauti, mzee aulize maswali yake yote, alafu akikubali akubali kwa mdomo huku rekoda inaenda. Dole gumba kwenye karatasi ambayo hajaielewa sio ridhaa.

Oktoba

Vifaa vimekamilika, tunarekodi WAV, 48 kHz, biti 24, yani sauti isiyobanwa. Ukirekodi stereo inakula karibu GB 1 kwa saa, ndio maana bajeti ya memori kadi na diski ni kubwa kuliko ya chakula, wale mliouliza jibu ni hilo. Mazungumzo ya mtu mmoja tunaweza kwenda mono. Voisi za WhatsApp tunazipenda kwa kuhamasishana ila hatuziweki kama nakala ya kuhifadhi, kwasababu inabana sauti na mlio wa juu unaliwa, na Kialagwa kina sauti za pembeni ya ulimi kama ile tunayoiandika sl, tofauti yake na s ya kawaida iko huko huko juu kunakoliwa. Mtu akisikiliza baada ya miaka thelathini atashindwa kujua mzee alisema nini.

Sasa herufi. Hapa tumekaa siku nyingi na sijutii. Herufi za Kiswahili hazitoshi, tumefuata zaidi njia ya Kiiraqw kwa vile tayari watu wamezoea, kuna q, hh, sl, tl, ts, na ile sauti ya ndani ya koo wao wanaiandika kwa alama ya mkwaju, hii /. Kwenye karatasi haina shida. Kwenye kompyuta ni mateso. Huwezi kuiweka kwenye jina la faili kwasababu kompyuta inadhani unaanza folda mpya, na kwenye Excel ukianza kuandika neno kwa / badala ya kuandika inakurusha kwenye menyu. Kijana wetu mmoja aliyesoma isimu UDOM akapendekeza tutumie c kama Wasomali, wao hiyo sauti wanaandika c na hii tunayoiandika hh wanaandika x. Wazo zuri, na Kisomali nacho ni Kikushi. Ila mtu aliyesoma Kiswahili kidogo akiona c na x atasoma anachojua yeye.

Aliyemaliza ubishi ni babu mmoja ambaye hajakaa darasa la serikali hata siku moja. Amesoma madrasa tangu utoto, kama wazee wengi wa Kondoa, Qur'ani anaisoma bila miwani. Tulimtamkia maneno tukamuuliza, hii sauti babu unaiandikaje, akachukua kijiti akachora ain mchangani. Ile nyingine akachora ha, sio ile nyepesi, ile ya kooni. Q akasema hiyo inakaribia qaf. Yani sisi tunahangaika na mkwaju na kompyuta, kumbe kuna kizazi kizima cha wazee wanazijua hizi sauti kwa majina na kwa sura toka wana miaka saba, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba huo ujuzi unafaa kuandika lugha yao wenyewe. Hapo hapo bibi aliyekuwa anachambua kunde pembeni akasema basi hata mimi naweza, akaanza kusahihisha matamshi ya vijana wetu mmoja mmoja mpaka jioni.

Tumekubaliana hivi: maandishi ya Kilatini ya mtindo wa Kiiraqw kwenye kamusi, na daftari la pili la herufi za Kiarabu kwa wazee wanaotaka kuhakiki kwa macho yao. Majina ya faili ni tarehe, kijiji na namba tu, neno lenyewe halikai kwenye jina la faili kamwe. Na ile alama ya ' iwe ile iliyonyooka tu, simu nyingi zinaikunja zenyewe, alafu ukitafuta neno halipatikani kwasababu kompyuta inaziona ni alama mbili tofauti.

Novemba, hali ya lugha

Hii ndio sehemu niliyokuwa naiogopa na nitaiandika yote.

UNESCO mwaka 2003 ilitoa vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha na cha kwanza ni kama wazazi wanawapa watoto. Ngazi zake kwa lugha nyepesi ni hivi, watoto wakiwa bado wanaiongea ila sehemu chache, lugha ipo hatarini kidogo, watoto wakiwa hawajifunzi tena nyumbani iko hatarini kweli, ikiwa ni babu na bibi ndio wanaongea na wazazi wanaelewa tu ila hawawaongeleshi watoto hali ni mbaya, na ikiwa hata hao mababu wanaongea kwa vipande na kwa nadra, iko mahututi.

Tulidhani tutapata ngazi moja tuiandike tumalize. Hakuna ngazi moja. Huku vilimani upande wa Kolo nyumba nyingi tulizoingia Kirangi, lugha ya majirani zetu Warangi, ndio lugha ya kila kitu, Waalagwa wanajijua ni Waalagwa, koo wanazitaja, ila mazungumzo ni Kirangi, na mzee akituongelesha Kialagwa watoto wanasogea kusikiliza kama wanasikiliza redio ya nchi nyingine. Ukishuka tambarare kuna vitongoji ambavyo bado baba anamtuma mtoto maji kwa Kialagwa na mtoto anajibu kwa Kialagwa. Ndani ya mkoa mmoja, mwendo wa bodaboda tu, una ngazi zote nne. Kwahiyo mtu akiniuliza Kialagwa kimefikia wapi, namuuliza kwanza, nyumba ya nani?

Na jambo moja lazima niliseme kwasababu nasikia sana watu wakilaumu Kiswahili. Huku kilichochukua nafasi ya Kialagwa kwanza ni Kirangi. Warangi ni wengi, ni majirani, tumeoana nao vizazi na vizazi, dini ni moja, soko ni moja. Kijana wa Kialagwa anaoa binti wa Kirangi, mama anaongea na watoto lugha ya kwao, ni haki yake, baba yuko shamba, jioni nyumba nzima ni Kirangi. Hakuna mbaya hapo. Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976 ikasogeza watu karibu zaidi, vitongoji vilivyokuwa vya ukoo mmoja vikawa vijiji vya watu mchanganyiko na mlango wa jirani ukawa wa Mrangi. Kiswahili kilikuja juu ya hapo, shuleni, zahanati, mkutano wa kijiji. Na sasa Kondoa mjini Kirangi chenyewe kinaliwa na Kiswahili, vijana Warangi wanachanganya na wazazi wao wanalalamika kwa maneno yale yale wanayolalamika wazee wa Kialagwa. Mimi Kiswahili nakipenda, ndio nakiandikia hapa na ndio kimeniwezesha kukaa Dodoma na Mgogo, Msukuma na Mnyaturu kwenye meza moja. Sitaki kukitoa mahali kilipo. Ninachotaka ni mtoto awe nazo mbili au tatu, bibi zetu walikuwa nazo tatu na hawakuchanganyikiwa, walimwongelesha kila mtu kwa yake.

Jambo la pili tuliloliona, na hili limebadilisha mradi. Tukapanga nyumba zote kwenye karatasi tukaangalia zile ambazo mtoto wa chini ya miaka kumi anaongea. Karibu zote zina bibi anayelala nyumba hiyo hiyo, sio bibi wa kutembelewa sikukuu. Bibi anayekaa na watoto mchana wazazi wakiwa shamba, anayewaimbia, anayewagombeza. Kugombeza ni muhimu kuliko nilivyofikiri, watoto ambao hawawezi kutunga sentensi wanajua matusi madogo na maonyo yote. Pale bibi alipofariki mtoto wa kwanza anaongea, wa tatu haongei. Ndani ya nyumba moja, wazazi wale wale.

Desemba na Januari

Mvua zimeanza, Desemba mpaka Aprili huku ni kulima, na makorongo yakijaa huvuki hata kwa pikipiki. Hatumtoi mzee shambani aje kukaa mbele ya maiki. Tumerudi Dodoma kuandika tulichorekodi.

Kuandika ni polepole sana na naomba wachangiaji mtuvumilie. Tunatumia ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, unaona wimbi la sauti unakata sentensi moja moja, unaandika Kialagwa chini yake, chini yake tena Kiswahili. Saa moja ya maongezi ya wazee wawili wanaokatizana inakula wiki na zaidi. Na nomino za Kialagwa hazina ngeli kama zetu za m na wa, zina jinsi, ya kiume, ya kike, na ya tatu ambayo sio hii wala ile, alafu wingi unaundwa kwa viambishi vingi sana huwezi kukisia. Kwahiyo kila jina lazima tuulize umoja wake na wingi wake na jinsi yake, bila hivyo kamusi inakuwa orodha tu ya kumwonyesha mgeni.

Tumeacha pia ile njia ya kuuliza "hiki mnakiitaje". Ukimuuliza mzee kwa Kiswahili anakujibu kwa mpangilio wa Kiswahili, anakuwa kama anakutafsiria. Sasa tunawakalisha wawili, ikiwezekana mtu na wifi yake au watu waliochunga pamoja, tunawaachia rekoda tunatoka nje. Maongezi yanakuwa na mambo ambayo sisi tusingejua hata kuyauliza.

Machi

Kwenye kuandika limejitokeza kitu. Rekodi za wazee waliokulia vilimani zimejaa ng'ombe, rangi za ng'ombe, pembe, tabia, magonjwa, nyasi gani inaliwa mwezi gani. Wa umri wa kama miaka hamsini na kitu wanayo machache. Wa arobaini wanatumia maneno ya Kirangi au Kiswahili.

Nikamuuliza mjomba kwenye simu akasema fikiria mwaka ng'ombe walipoondoka. Vijana wa Dodoma hawajui hii habari kwahiyo naieleza kidogo. Vilima vya Kondoa ardhi ilikuwa inaliwa na mmomonyoko vibaya sana, makorongo unayoyaona ukipanda kwenda Kolo yalikuwa yanatisha zaidi ya sasa, serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, wakachimba makinga maji wakapanda miti, na 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Yote. Watu wakahamishia ng'ombe tambarare kwa ndugu, wengine wakahama nao. Ardhi ilipona, leo kuna kijani ambacho wazee hawakukitegemea, na hilo lazima lisemwe kwa heshima yake.

Ila angalia kilichotokea kwa lugha. Mtoto wa kiume alikuwa anajifunzia Kialagwa machungani, siku nzima na wakubwa zake, mbali na mama, mbali na mwalimu, hakuna Kirangi hakuna Kiswahili, ni ng'ombe na wenzake. Hiyo ndio ilikuwa shule yake. Ng'ombe wakiondoka machungo yanaondoka, watoto wanabaki nyumbani na shuleni, na nyumbani mama ni Mrangi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ufugaji wa ndani ukaruhusiwa, ng'ombe mmoja wawili bandani wanakatiwa majani, lakini kukata majani hakukusanyi watoto wa ukoo mzima mlimani kutwa. Sisemi ndio sababu pekee. Nasema ukichukua ramani yetu ya nyumba ukaiweka na vitongoji vilivyokuwa ndani ya eneo la HADO na vilivyokuwa nje, watoto wanaoongea wengi wako nje. Na hakuna mtu aliyekaa ofisini mwaka 1979 ambaye angeweza kuliona hilo kwasababu lugha haikuwepo kwenye hesabu ya hasara wala ya faida.

Kwahiyo orodha mpya ya kazi: tuwatafute wote waliochunga kabla ya 1979 wakiwa na akili timamu. Mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati ule leo anapita sitini. Hii ndio haraka yetu ya kwanza, kabla ya kamusi, kabla ya kitabu cha watoto.

Mei

Mavuno ya uwele na mtama yanaendelea, wazee wana moyo na tumbo limeshiba, mwezi mzuri wa kurekodi. Tumepata nyimbo za kutwanga, hadithi za fisi na sungura, na historia ndefu ya ukoo iliyotusimamisha mpaka adhuhuri ikaendelea baada ya swala.

Tumepata pia somo la kuzima rekoda. Kolo kuna michoro ya miambani, mnajua, UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili 1951, siku hizi kuna walinzi na kibao na wageni wanalipia. Mongomi wa Kolo pia ni mahali pa matambiko ya mvua mpaka leo, na mambo ya mvua hapa Waalagwa wana historia nayo ndefu inayoheshimiwa hata na Warangi. Mzee mmoja alikuwa anatusimulia, alipofika sehemu fulani akanyoosha mkono akasema mwanangu zima hiyo. Tukazima. Akaendelea kama nusu saa hivi, kwa Kialagwa safi nilichowahi kusikia kuliko chote, na hakuna hata sekunde moja iliyobaki kwenye kadi.

Baadhi ya wenzangu iliwauma sana na nawaelewa. Msimamo wa mradi ni kwamba hayo ni ya kwao, sio ya kwetu. Tumeweka folda ya pili yenye nywila, ya vitu ambavyo mzee anakubali virekodiwe ila visikilizwe na watu wa ukoo tu, na ya tatu haipo kabisa kwasababu visivyorekodiwa havirekodiwi. Alipoona tumeheshimu, wiki iliyofuata alituita mwenyewe akatusimulia habari za mizinga na asali, miti gani nyuki wanapenda, jinsi ya kupanda usiku, na akasema hii wapelekeeni watoto wote.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Jiwe lile lina mlinzi, lina ripoti, lina bajeti, na ni haki yake, michoro ile ya zamani ni ya wawindaji waliokuwepo kabla yetu na ni mali ya dunia nzima. Watu wanaopanda pale kuomba mvua wana lugha yao na hiyo haina hata kibao kimoja.

Julai

Tumeanza kurudisha. Baada ya yale ya Novemba tuliacha wazo la kuanza na kitabu, tunaanza na nyumba. Kila nyumba tuliyorekodi inapata memori kadi ya sauti za mzee wao, inaingia kwenye simu ya kitochi yenye spika, ile ile wanayosikilizia mawaidha. Hadithi za usiku zimependwa zaidi. Nyumba moja huko vilimani bibi ameshatangulia mbele ya haki tangu tumrekodi, Mungu amrehemu, mkwewe ambaye ni Mrangi ndiye aliyekuja kutuomba nakala nyingine kwasababu ya kwanza watoto wameichezea ikapotea. Anataka watoto wake wamsikie bibi yao. Mkwe wa Kirangi. Nawaomba wale wanaosema wake wa nje ndio wanaoua lugha wasome tena hiyo sentensi.

Tambarare tumekubaliana na mabibi watatu wa kitongoji kimoja wakae na watoto wa jirani mchana wa msimu wa kilimo, wazazi wanachanga unga wa uji na sukari, mradi unachangia mikeka na sufuria. Hakuna ubao hakuna chaki. Sharti ni moja tu, hapo ni Kialagwa, mtoto wa Kirangi akija anakaribishwa. Majaribio ya wiki chache baada ya mavuno yameenda vizuri, walimu wa shule ya msingi ya hapo walikuja kuangalia wakasema hawana kipingamizi ilimradi isigongane na vipindi. Msimu wenyewe ni Desemba ndio tutajua.

Vilimani hatuwezi kufanya hivyo, mabibi wenye lugha waliobaki ni wachache na wamechoka. Huko tutabaki na kurekodi wachungaji wa kabla ya 1979, na vijana wa Dodoma mjini wenye wazee huko tumewagawia maswali ya kuanzia, ng'ombe wa kwanza uliyemchunga alikuwa wa rangi gani, mlinywesha wapi, nani alikuchapa ukimpoteza. Ukiuliza hilo la kuchapwa wazee wanaanza kucheka na Kialagwa kinatoka chenyewe.

Vinavyohitajika kabla ya mvua: diski mbili za TB 2, moja ikae Kondoa na moja Dodoma, nakala ya tatu tunaipandisha mtandaoni. Paneli ndogo ya sola ya kuchajia. Mtu anayejua kutengeneza kibodi ya simu ya Android, tunataka hizo herufi zetu zikae pamoja mtoto asihangaike kuitafuta / kwenye ukurasa wa pili wa alama. Na kama mzee wako alichunga huko Kolo, Pahi au popote kwenye vilima vile kabla ng'ombe hawajahamishwa, mwambie mkuu wa kundi lenu kwenye WhatsApp, gari la Kondoa linatoka mwisho wa mwezi huu na viti bado vipo.